Isale Chini ya Mifupa ya Tembo

— Sogea kushoto kidogo, Kindness. Simama chini ya mifupa ya tembo, watu waone ukubwa wa ukumbi.

— Mimi naongoza wageni hapa, Godbless. Siyo rula yako.

Loo, binti alikuwa amevimba! Na haki alikuwa nayo. Jumapili iliyopita wazee wake kule Mwika walikaa wakimsubiri mchumba huyu aje kujitambulisha. Pombe ya mbege ipo, ndizi zipo, bwana haonekani. Kumbe yuko Arusha anapiga picha harusi ya watu, simu kaizima! Kindness akamrudishia pete. Leo makumbusho ya viumbe asilia hapa Moshi yamemwita apige picha ukumbi mkubwa, na anayemfungulia milango ni nani? Kindness huyohuyo.

Mwanga ulishuka kutoka madirisha ya juu, ukapita katikati ya mbavu za tembo hadi sakafuni. Godbless hata hakuutazama. Alifungua begi la kamera, akatoa jani la isale lililofungwa fundo.

Kindness akaficha mikono nyuma. Mchagga akishapokea isale, kusamehe ni lazima.

— Usinitege! Aliyeaibika mbele ya wazee ni baba. Kwa nini uanzie kwangu?

— Sikuanzia kwako.

— Unasemaje?

— Uliza nyumbani.

Kindness akapiga simu.

— Shikamoo mama. Godbless amekuja huko?

— Marahaba. Alikuja asubuhi na mjomba wake, wameshika isale. Baba yako alimnunia mpaka chai ikapoa, halafu akalipokea. Akamkatia na jani lako wewe palepale uzioni kwetu. Kasema hilo utaamua mwenyewe.

Kindness akakata simu. Machozi hayo.

— Uliniumiza, Godbless. Nilichungulia barabarani mpaka giza likaingia.

— Najua. Nilikimbilia kazi nikakuacha na aibu. Nisamehe, mpenzi.

Kindness akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea jani, akasogea nalo chini ya mifupa.

— Haya, piga picha yako. Mwanga unahama huo.

Jioni meneja wa makumbusho, mtu wa Singida, akatuma meseji: "Picha nzuri sana. Ila dada yetu ameshika jani la nini? Lifute."

Godbless akamwonyesha Kindness, wakacheka. Kisha akajibu: "Bosi, ukitaka nitamfuta tembo. Hilo jani halifutwi."