Kidole cha Magesa

Haya yalimpata rafiki yangu Hozefa, fundi wa vifaa vya kusaidia kusikia pale Shinyanga, mwaka tisini na saba. Aliitwa aende Geita na Magesa, mwenye shimo la dhahabu, yule ambaye shimo lilipowaporomokea wachimbaji wake aliwaapia wake zao kwamba hasikii mtu akigonga chini, akaamuru shimo lifukiwe. Masikio yake yalikufa mwaka uleule wa kufukia. Bila kifaa hasikii hata radi, na mimi sikumwonea huruma.

Alidai kisanduku cha kurekebishia sauti ya kifaa chake kimeharibika, kinamgongagonga sikioni kutwa. Hozefa alikagua nyaya, akabadilisha betri, mwishowe akafunga kisanduku kipya.

"Mzee, fumba macho. Kila nikigonga meza, inua kidole."

Akagonga, kidole kikainuka. Akaacha kugonga, kidole kikaendelea: mara tatu, kimya, mara tatu, kama wanavyogonga waliofukiwa wakiomba msaada. Hozefa akamchomoa kifaa sikioni, akatoa betri, akaifumbata kiganjani.

Kidole kikazidi kuinuka.

"Taratibu, fundi," Magesa alisema, macho bado kayafumba. "Mbona sasa mnagonga wengi?"