Kipara cha Waseme

Hakuna ugonjwa wa mnyama nisioujua. Muulize yeyote hapa kwetu, karibu na Kinango. Mimi ni Chome, nimemaliza kidato cha nne, na somo la kilimo nililipenda kuliko chakula cha mchana.

Kwa hivyo mbwa wetu, Waseme, alipoanza kujikuna, sikubabaika. Waseme ndiye anayelinda mbuzi wa Mama. Fisi wameingia kwa majirani wote, lakini kwetu hawathubutu. Mama humsifu kama mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa kwanza ni mimi, lakini tuendelee.

"Ni viroboto tu," nikasema. Nikamwogesha kwa dawa ya kupe ya mbuzi. Akazidi kujikuna. Nikampaka oili chafu ya pikipiki. Manyoya yakatoka masikioni, kwenye viwiko na tumboni. Akaacha kula.

Jirani yetu Kitsao akaja. "Mama Chome, mbwa huyu muueni. Atawaambukiza."

"Na mbuzi wangu watalindwa na nani? Na wewe?" Mama akamjibu. "Fisi akikuona wewe atacheka tu."

Mama akampigia simu Mwanatumu, daktari wa mifugo. Akaja siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Daktari akamnusa Waseme. "Nani kampaka oili?"

"Mtaalamu wetu," Mama akasema, akinionyesha kwa mdomo.

"Mtaalamu, mbwa hujilamba. Oili hiyo anaimeza. Na dawa ya mbuzi ingeweza kumuua."

"Sasa tumpe dawa gani?" Mama akauliza.

"Sijui bado."

Nikatabasamu. Kumbe tuko wawili!

"Manyoya hutoka kwa sababu nyingi," akaendelea. "Viroboto, wadudu wa upele, ukungu wa ngozi, hata lishe duni. Kwa macho vyote hufanana, na dawa ya kimoja haiponyi kingine. Tupime kwanza."

Tukamwosha Waseme kwa sabuni. Daktari akamchana juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. "Kinyesi cha viroboto kingeacha madoa mekundu. Hakuna." Akasugua ncha ya sikio la Waseme. Mguu wa nyuma ukaanza kujikuna hewani! "Hiyo ni dalili ya upele, lakini si ushahidi." Ndipo akakwangua ngozi kwa wembe butu, akaweka uchafu ule kwenye kipande cha kioo, akaenda nao kuupima kwa hadubini.

Kesho yake akarudi. "Nimewaona. Ni wadudu wa upele."

Akampima Waseme uzito, akampa dawa ya kiasi chake. "Nitarudi kumpa tena. Mbwa wanaocheza naye watibiwe pia. Gunia analolalia lichomwe. Na mtu akiwashwa, aende zahanati."

Tulifanya yote. Wiki zikapita, manyoya yakarudi, yakang'aa. Fisi alipojaribu zizi letu, Waseme alimfukuza hadi ng'ambo ya lambo. Majirani wakaja kumtazama, Kitsao akiwa mbele, na mbwa wake kwenye kamba.

"Huyu ni Waseme wangu," Mama akasema, kifua mbele.

Nami nikapanda juu ya kinu. "Siku ya kukwanguliwa nilimshika mimi, peke yangu! Hakutikisika!"

"Mtaalamu," sauti ikasema nyuma yangu. Daktari Mwanatumu alikuwa amekuja kumkagua Waseme. "Aliyemshika ni mama yako. Wewe uliona tone la damu ukaanguka, tukamwacha mbwa tukakupepea wewe."