Vidonge vya Mama na Chai ya Rangi

Kila jioni, baada ya makande ya mahindi na maharage kupakuliwa, Dorkasi alimletea mama yake kidonge cha kuongeza damu na kikombe cha chai ya rangi iliyokolea. Mama yake, Raheli, alikuwa mjamzito wa miezi saba, na kidonge kile kilimchefua. Chai tu ndiyo iliyokishusha. Na chai haikukosekana, kwani baba yake Dorkasi, Sefania, alikuwa mkulima wa chai kijijini kwao Mponde.

Hata hivyo mama alizidi kudhoofika. Akipanda kilima kutoka mtoni alihema na kukaa chini njiani. Siku ya kliniki, shule zikiwa zimefungwa, Dorkasi alimsindikiza hadi zahanati.

Nesi Hidaya alipima damu, akakunja uso.

"Mama Dorkasi, damu yako imeshuka tena. Vidonge unavitupa?"

"Situpi hata kimoja, nesi."

"Wengi husema hivyo. Ukitokwa na damu nyingi siku ya kujifungua, tutakupoteza. Usinifiche."

Mama aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Kumkatiza mkubwa si adabu, lakini Dorkasi hakuweza kuvumilia mama yake aitwe mwongo.

"Samahani, nesi. Anameza kweli. Mimi ndiye ninayempa, tena namwangalia mpaka amalize chai."

"Chai gani?"

"Ya rangi. Ya kumezea."

Nesi alivuta kiti karibu na Raheli. "Nisamehe, mama. Sikukuuliza unamezea nini. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, ya kidonge na hata ya maharage. Meza kwa maji, na chungwa juu yake. Chai isubiri saa mbili zipite."

Kumbe Dorkasi alikuwa akiiharibu dawa ya mama yake kwa mikono yake mwenyewe! Alilia pale pale mbele za watu.

Nyumbani baba aliposikia alikuja juu. "Chai hii ndiyo inayokulipia sare ya shule. Leo imekuwa adui?"

"Si adui, baba. Ni saa ya kuinywa tu," Dorkasi alijibu kwa upole. "Nesi amesema mama anaweza kufa."

Baba aliitazama midomo ya mkewe ilivyopauka. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na machungwa na fungu kubwa la mboga za mnavu. Jumamosi akachinja jogoo aliyekuwa akimtunzia mchungaji wa kanisa. Ini na firigisi, ambavyo siku zote vilikuwa fungu lake, akamwekea Raheli.

Kliniki iliyofuata damu ilikuwa imepanda, na ile iliyofuata ikapanda zaidi. Damu hiyo ilikuja kuhitajika. Raheli alijifungua salama mtoto wa kiume hospitalini, kisha akatokwa na damu nyingi. Dorkasi na baba yake walisubiri nje, wakiomba kimoyomoyo, mpaka daktari alipotoka.

"Yu hai," daktari alisema. "Angekuja na damu ile ya mwanzo kwenye kadi yake, ningekuwa nawapa pole."

Baba alimshika Dorkasi begani.

"Mwanangu, wewe ulimpa mama chai kwa upendo, mimi nikaitetea kwa kiburi, na sote hatukuuliza. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini siku ile ulieleza yote uliyoyafanya, ndipo nesi akaona kosa lilipo. Nenda kamwone mama yako, anakuulizia."