Maneno ya Mama Mdogo Evarista

Kila Jumanne na Alhamisi, nikishatoka darasani na kuchota maji mtoni, nilirudi shuleni Kalenga kusaidia darasa la kisomo cha akina mama. Mwaka huo wa 1975 nilikuwa darasa la sita. Mwalimu Leokadia alinichagua kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Akina mama waliketi kwenye madawati yetu madogo, magoti yamebanwa, watoto migongoni, wakifuata herufi moja moja ubaoni.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, Mwalimu alituletea habari kubwa. Wanawake wa dunia nzima wangekutana Meksiko kuzungumzia haki zao. Umoja wa Wanawake ulitaka kila darasa liandike shida za wanawake wa kijiji, ili wanaokwenda huko wajue la kusema. Barua zingeondoka Jumamosi asubuhi.

"Semeni kwa maneno yenu wenyewe," alisema. "Paskalina ataandika."

"Andika kwamba mume wangu haijui njia ya kisimani," alianza Mama Timotheo. "Ya kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi anaijua hata akifumba macho."

"Angalia, watakuletea mume wa Kimeksiko!" jirani yake akamtania. Darasa zima likacheka.

Ilipofika zamu ya mama mdogo Evarista, alivuta dawati karibu na langu akapunguza sauti. Alikuwa mke wa baba mdogo Yohane, aliyefariki mwaka uliotangulia.

"Andika, mwanangu. Mimi Evarista, mjane wa Yohane Kalinga. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alichukua kinyungu changu. Nimekilima miaka tisa. Nisipopanda mwezi ujao, watoto wangu watatu watalala njaa kiangazi hiki."

Kinyungu ni bustani ya bondeni, mahali ambapo udongo hubaki na maji hata mvua zikiisha. Na shemeji aliyemtaja alikuwa baba yangu.

"Kama ni vigumu kwako, nimwombe Mwalimu," alisema.

"Si vigumu," nilijibu.

Niliinamisha kichwa nikaandika: "Mimi Evarista, mjane. Naomba kisima kiwe karibu."

"Nisomee."

Nilishika karatasi nikamsomea maneno yake yote kama alivyoyasema, ingawa hayakuwapo pale. Aliitazama karatasi, kisha akanitazama mdomoni.

"Mbona mstari ni mfupi?"

"Nimebananisha herufi."

Akachukua kalamu. Kuandika alikuwa bado hajui, ila jina lake tu. Alikaza mkono mpaka jasho likamtoka puani, akaandika EVARISTA, herufi kwa herufi, chini ya uongo wangu. "Sasa ni langu," akasema, akacheka kama msichana.

Jioni ile Baba alirudi na jembe lenye tope jeusi la bondeni. "Mwaka huu, Paskalina, utakula mahindi mabichi mpaka uchoke," aliniambia. Nilimega ugali nikaurudisha sahanini. Mama aliniuliza kama naumwa, nikasema kichwa kinauma.

Ijumaa baada ya masomo nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Alikuwa anatia barua kwenye bahasha. Nilimweleza yote bila kumtazama.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Niliogopa Baba ataaibika huko Meksiko."

Mwalimu alikuwa karibu kucheka, lakini hakucheka. "Na mama mdogo wako, uliona yeye itakuwaje?"

Alichukua kalamu na karatasi, tukaenda wote.

Mama mdogo alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nilipomwambia, mikono yake ilisimama.

"Lakini ulinisomea," alisema taratibu. "Mimi nikakuamini."

Nikaanza kulia.

"Usilie kwanza. Andika."

Niliandika kila neno. Nilipotaka kumsomea, alichukua karatasi mkononi mwangu akampa Mwalimu. Hilo liliniuma kuliko kuchapwa. Mwalimu alimsomea, naye akatia jina lake upya.

"Barua itakwenda," Mwalimu alisema. "Lakini wa Meksiko hawatakuja kukupimia kinyungu. Wao waseme kule, na sisi tuseme hapa. Jumatatu ni siku ya baraza la kijiji."

Jumatatu darasa zima la kisomo lilikaa mstari wa mbele. Baba alijitetea: "Bonde ni la ukoo. Mimi nililitunza tu."

"Ulinitunzia bila kuniuliza, shemeji?" mama mdogo alisema. "Na watoto wa Yohane si wa ukoo?"

Mwenyekiti aliuliza ni nani anayeweza kuthibitisha kwamba mama huyu alikilima kinyungu hicho. Wazee walitazamana. Nilisimama.

"Mimi. Kila kiangazi nilikuwa nawapelekea chakula yeye na baba mdogo pale bondeni. Baba ndiye aliyekuwa ananituma."

Baba alinitazama, kisha akatazama chini. "Mtoto amesema kweli," alisema. "Arudishiwe."

Siku ya kupanda nilikwenda kumsaidia mama mdogo. Tulifukia mbegu mistari miwili bila kusemezana. Hatimaye alinyoosha mgongo.

"Paskalina, baba yako alichukua bonde langu akidhani ananitunzia. Wewe ulichukua maneno yangu ukidhani unamtunza yeye. Wote wawili hamkuniuliza. Ukishika kalamu ya mtu mwingine, andika alichosema, hata kama kinakuchoma. Mimi nimekusamehe. Ila usisahau."

Alijifunza kusoma kabla mwaka haujaisha, na tangu hapo hakuniomba tena nimsomee kitu.

Mwaka jana tulimzika. Watoto wake waliniomba niandike wasifu wa marehemu usomwe kanisani. Niliandika alikozaliwa, alipoolewa na kazi alizofanya. Kisha niliandika na habari ya barua ile, pamoja na jina langu, nikasimama mbele ya watu nikaisoma kama ilivyokuwa.