Ufito Uliogoma

Uvumi ule ulimganda Sindano kama gundi ya mbao. Aliusikia bombani akichota maji: eti fundi wa boti akikukamata umekosea kipimo, siku hiyo hiyo anakuonyesha mlango. Eti yupo aliyefukuzwa likizo iliyopita. Msimulizi hakumjua huyo aliyefukuzwa, lakini alisimulia kwa kuapa.

Sindano, msichana wa darasa la saba aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, alikuwa akijifunza kuunda boti wakati wa likizo. Kila asubuhi yeye na wenzake walifagia karakana, wakavua viatu, wakapiga magoti. Sakafu ilipakwa rangi nyeupe, na juu yake walichora boti nzima kwa ukubwa wake halisi, mstari kwa mstari. Boti hiyo ingewavusha mto watoto wa shule, mdogo wake Sindano akiwemo.

Kazi ilikuwa hivi: unapima, unatia alama, kisha unapindisha ufito mrefu mwembamba uguse alama zote, na kuushikilia kwa misumari midogo. Ufito ukilala vizuri, unachora mstari. Ila futi ya karakana ilikuwa imelika ncha, kwa hiyo walianza kupima kwenye moja badala ya sifuri. Ukitaka arobaini, unasoma arobaini na moja.

"Ufito una akili kuliko nyinyi," Fundi alizoea kusema. "Ukigoma, msiulazimishe. Rudini mkapime."

Siku hiyo ufito wa Sindano uligoma. Uligusa alama zote, ila ile ya katikati uliipita kwa mbali, upana wa kidole hivi. Alijua kabisa: hapo alisahau kuongeza ile moja. Lakini kwenda kuchukua futi mbele ya watu wote, si ndiyo kujitangaza?

"We Sindano, mbona jasho linakutoka kama umebeba boti kichwani?" alitania Bonge, mwenzake mnene mwenye maneno mengi.

"Niache. Joto tu."

Akaangalia huku na huku, akaukandamiza ufito kwa misumari miwili, akachora, akaing'oa haraka haraka. Mstari ukabaki na kibonyeo kidogo.

Nyumbani hakutulia. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Chakula alikichezea tu.

"Dada, kwenye boti yenu mimi nitakaa mbele, eh?" mdogo wake alimsumbua. "Nataka nichezee maji kwa mkono."

"Kula, bwana!"

Mama akamkazia macho. "Mwanangu, mbona umekaa kama umekalia siafu?"

"Hamna kitu, Mama."

Asubuhi alipofika karakana, Fundi alikuwa amekwisha kunakili mstari ule kwenye ubao mnene wa taruma, yaani ubavu wa boti. Bonge ameshika msumeno. Msumeno ulipoanza kulia, Sindano hakuona ubao wala unga wa mbao. Aliona mkono mdogo ukichezea maji.

"Usikate! Bonge, acha!"

Wote wakageuka.

"Mstari ni mbovu, Fundi. Ni mimi. Ufito uligoma, nikaulazimisha."

Fundi akalala kifudifudi, shavu sakafuni, akafumba jicho moja na kuufuata mstari kwa lile jingine.

"Kweli," Fundi akasema. "Ubavu huu ungekuwa mwembamba. Mbao za nje zisingeugusa, tungezivuta kwa misumari, nazo zingepasuka. Pengine katikati ya mto. Na mimi nilinakili bila kulala chini kuangalia. Hilo ni langu."

"Nivae viatu niende?"

"Uende wapi?"

"Si huwa unafukuza wanaokosea?"

"Wanaokosea? Ningebaki na paka wa karakana peke yake! Ile moja imenitoroka hata mimi." Fundi akaketi. "Nilimfukuza mmoja, ndiyo. Aliulazimisha ufito, nikamuuliza, akaniangalia machoni akasema uko sawa. Kosa la kipimo linafutika kwa kitambaa, binti yangu. Ukilinyamazia, linapanda boti pamoja na watoto."

Akamrushia kitambaa. Sindano akafuta, akaomba futi kwa sauti ya kusikika, akapima upya. Safari hii ufito ulilala wenyewe.

Jioni alimweleza mama yake yote. Mama alijishika kifua kwanza, akamtazama yule mdogo aliyekuwa akicheza mlangoni, kisha akamvuta Sindano karibu na kumhesabia kwa vidole mambo ya kuepuka. Nawe unayesoma, yashike:

Usiamini maneno ya bombani kabla hujamwuliza mwenyewe.

Usilazimishe ufito uliogoma.

Usione haya kurudi kupima, hata watu wakikutazama.

Usimwambie mama yako "hamna kitu" wakati kipo.

Usingoje mpaka msumeno uanze kulia.