Mstari Uliobaki Bila Antena

Nilikuwa naanua nepi, basi, hakuna kingine. Jioni ya kawaida kabisa, Kidoti wangu mgongoni, miezi minane na mzito kama gunia la maharage, na baba yake alishaondoka kwenda zamu. Aliniachia kazi yake kama siku zote: ikifika kumi na mbili na nusu niwashe kompyuta, nitazame dakika kumi, niandike.

Niwaeleze kidogo, maana bila hivyo hamtanielewa. Mume wangu anapokea redio kwenye kampuni ya ulinzi. Walinzi wako mageti, yeye yuko kituoni na redio kubwa mezani, wakiita anaitika. Kukawa na wahuni wanaingilia masafa yao, wanatukana, wanapiga muziki, basi akanunua kidude kidogo mfano wa flashi, cha bei rahisi, unakichomeka kwenye kompyuta, unakifunga waya wa antena, halafu hewa yote unaiona. Kweli, unaiona kwa macho. Rangi ya bluu inateremka kwenye skrini kama mvua kwenye kioo, na popote mtu anapoongea panachoreka mstari wa manjano. Aliye mbali, mstari hafifu. Aliye karibu, unawaka. Mimi naandika daftarini saa, masafa, ukali wa mstari. Ndiyo kazi niliyosomea mpaka kidato cha nne, namtania hivyo.

Jioni ile kulikuwa na mstari mahali pasipotakiwa kuwa na kitu.

Masafa ya zamani. Waliyaacha mwaka jana, baada ya ghala la rangi kuungua na mlinzi ndani. Alikuwa dada mmoja, namba yake redioni Sita, wenzake wakimwita Filimbi, kwa sababu kabla ya kuongea redioni alikuwa anapiga mluzi mara mbili, chini chini, ili wajue ni yeye. Kampuni ikasema alilala, hakuita. Mama yake aliambiwa hivyo mbele za watu, siku ya mazishi. Na aliyeandika maelezo kwamba hakuita ni mume wangu.

Nikampigia.

"Baba Kidoti, kuna mstari kwenye masafa ya zamani."

"Mkali?"

"Hafifu."

"Chaja ya simu ya jirani hiyo. Chaja za siku hizi zinapiga kelele kuliko mama yako."

"Mama yangu mwache. Niusikilize?"



"Usiusikilize. Andika tu."

Alisema haraka mno. Sasa wewe, mtu akikwambia hivyo utaacha? Nikavaa hedifoni.

Mkwaruzo. Shhhhh...

Halafu mluzi. Mara mbili.

"Kituo... Kituo... hapa Sita. Nipokee."

Nilivua ile hedifoni kama imeniunguza. Sikumwambia mume wangu. Siku ya pili mstari ukarudi saa ile ile, umekolea. Siku ya tatu ukawaka, na chumba kikanuka rangi ya mafuta iliyoungua, nikafungua dirisha, nje hewa safi. Harufu ilikuwa ya ndani.

Siku ya nne nilifanya kitu alichonifundisha mume wangu mwenyewe. Ukichomoa antena, mistari yote inakufa, kwa sababu kidude hakisikii tena mbali. Kinachobaki ni kile kilichomo chumbani mwako.

Nikachomoa.

Mistari ikafa. Mmoja, mwingine, mwingine...

Mmoja ukabaki.

Ukazidi kuwaka.

Nikabeba kompyuta mkononi, nikazunguka nayo, naufuata kama mjinga. Mlangoni umefifia. Kitandani umekolea. Kabatini skrini ikawa manjano tupu. Chini ya makoti ya mume wangu, ndani ya soksi, nikakuta redio ya mkononi. Upande mmoja umeyeyuka. Betri haina. Ila ilikuwa ya moto, na kitufe cha kuongelea kilikuwa kimeyeyukia ndani, kimebonyea, hakirudi.

Nikaelewa. Alikuwa anaita. Alikufa kidole kikiwa kwenye kitufe. Na mume wangu aliiokota majivuni, akaificha, halafu akaandika kwamba dada wa watu alilala.

Hapo ndipo nikamsikia Kidoti analia.

Si mgongoni.

Ndani ya redio.

Nikamshusha mbio. Mdomo wazi, machozi yanatiririka, mwili mzima unatetemeka kwa kilio, na sauti hakuna. Hakuna! Kilio chake kilikuwa kinatoka kwenye ile plastiki iliyoungua, na kilikuwa kinafifia, kama betri inayoisha.

"Tafadhali," nikanong'ona. "Dada, tafadhali."

Mluzi. Mara mbili.

"Nani alikata mkwaruzo?"

Ninyi hamjui, mimi najua. Redio ya kituoni ina kitufe cha kuzungusha kinachokata ule mkwaruzo. Ukikizungusha kidogo, unapumzisha masikio. Ukikizungusha mno, kinakata na sauti dhaifu za watu. Filimbi alikuwa mbali, betri inakwisha.

"Nani... alikata... mkwaruzo?"

Kilio cha mwanangu kilikuwa kimebaki kama cha mbu.

"Mume wangu," nikasema. "Ni yeye. Yuko kituoni sasa hivi. Yeye ndiye aliyekizungusha."

Redio ikakwaruza.

"Nimepokea."

Na Kidoti akapiga ukelele kifuani kwangu, mkubwa, mzuri, sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Mstari ulizimika. Sikumpigia mume wangu kumwonya. Ningeweza. Simu ilikuwa mkononi. Nilimwangalia mwanangu, nikaiangalia ile redio, nikasema moyoni, acha aitwe na yeye.

Mwenzake wa asubuhi alimkuta kwenye kiti, mdomo wazi, sauti ya redio imefunguliwa hadi mwisho. Daktari anasema masikio ni mazima. Lakini hasikii. Hanisikii mimi, hamsikii mtoto. Ila ikifika kumi na mbili na nusu anaziba masikio kwa mikono yote miwili na kulia, "Nimekupokea, Sita, nimekupokea," na nyumba inanuka rangi.

Redio nilimpelekea mama yake Filimbi. Nikaiweka mapajani mwake, nikamshikisha kile kitufe. Akakipapasa muda mrefu.

"Alikuwa anaita," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na huyo wa kituoni alikuwa na shughuli gani?"

"Sijui, mama."

Najua. Usiku ule ghala lilipoungua nilimpigia kumwambia nina mimba. Redio ikawa inakwaruza, nikamwambia, "Kata huo mkwaruzo bwana, sikusikii!" Akaukata. Tukaongea karibu saa nzima. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Jana niliwasha kompyuta. Antena iko mezani, imechomolewa. Mstari upo. Hafifu, kwa sababu redio iko mbali, kwa mama yake.

Leo umekolea kidogo.

Filimbi bado hajaniuliza mume wangu alikuwa anaongea na nani.