Uzi wa Pindo la Hilwa

Jioni ile nilikuwa peke yangu kwenye duka la ushonaji, mtaa wa Satwa, Dubai, namalizia gauni la Hilwa. Hafiz, mwenye duka, alikuwa ametoka kwenda kuswali magharibi. Aliacha mlango wazi kama kawaida yake, na kelele za mabasi zikawa zinaingia pamoja na joto la barabarani.

Gauni lenyewe halikuwa la siku hizi. Ni yale ya Kiingereza ya miaka mia mbili iliyopita: kiuno kimepandishwa mpaka chini ya kifua, mikono mifupi iliyofura, na sketi inayoanguka moja kwa moja hadi vidoleni. Kitambaa kilikuwa melimeli nyeupe, nyepesi hata mwanga wa taa ulipita ndani yake.

Hilwa ndiye aliyenitia wazimu huo. Familia yao ni ya Unguja, ila yeye amezaliwa hapa hapa Dubai na anafanya kazi benki. Siku moja alikuja dukani na picha kwenye simu, akaniuliza, "Shoga, haya utayaweza?" Nikamwambia nitajaribu. Tukajifunza pamoja, yeye akinisomea maelezo kwenye simu, mimi nikifumua na kushona upya, tukicheka mpaka Hafiz akatufukuza. Kisha akanipeleka kwenye mikusanyiko yenyewe, katika ukumbi wa hoteli pale Al Rigga, ambako watu huja wamevaa mavazi ya zama hizo, wakanywa chai kwenye vikombe vya maua na kucheza wakiwa wamejipanga mistari miwili, wanaume huku na wanawake huku. Mimi Mercyline, msichana wa Kisii ninayelala kwenye kitanda cha ghorofa katika chumba cha watu wengi, nilivaa glavu nyeupe na kuinamiwa vichwa na mabwana wenye makoti marefu. Nilipenda sana.

Mpaka siku ambayo madam anayeongoza mikusanyiko aliligusa gauni nililomshonea Hilwa kabla ya hili na kuuliza fundi wake ni nani.

"Nimejishonea mwenyewe," Hilwa akasema.

Nilikuwa nimesimama pale pale, kikombe mkononi. Hakunitazama. Ndani ya teksi, wakati wa kurudi, aliongea mambo yote isipokuwa hilo. Nami sikuuliza. Niliendelea kumshonea, na kila siku kinyongo changu kikazidi kukua.

Basi jioni ile nilikuwa nimebakiza pindo tu.

Kwanza nilisikia harufu.

Udongo uliolowa mvua... Hapa Dubai, mwezi wa tano, ambapo hata tone moja halidondoki.

Nikainua kichwa. Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya meza yangu. Abaya nyeusi, shela usoni, glavu nyeusi. Sikuwa nimesikia hatua zake.

"Yes, madam?" nikasema.

Alinijibu kwa Kiswahili. Kwa kunong'ona.

"Hilo ni la yule anayesema kashona mwenyewe?"

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Kila ukiinamia gauni lake, unaniambia."

Ule mnong'ono haukuwa wa mtu anayeficha siri. Ulikuwa wa mtu asiye na kitu kingine cha kusemea. Pumzi tu, kavu, mfano wa karatasi inayochanwa polepole. Akaweka mezani kijiti kilichozungushiwa uzi mweupe.

"Pindo... lishone kwa huu."

"Utamfanya nini?"

"Hatadhurika. Atanyamaza tu."

"Na wewe unataka nini?"

"Changu nitajichukulia."

Niliangalia kile kijiti. Nilipoinua macho hakukuwa na mtu. Harufu ilibaki.

Nimelelewa kanisani. Ninajua kitu cha kukataa nikikiona. Ningeweza kukitupa kijiti kile kwenye pipa la taka pale nje na kuchukua uzi wa dukani, uko tele kwenye kabati. Hakuna aliyenishika mkono. Nataka hilo lieleweke.

Niliulowesha ule uzi kwa mate ncha yake, kama tufanyavyo mafundi wote, nikaupitisha kwenye tundu la sindano. Ulikuwa baridi kwenye ulimi. Ulikuwa na chumvi. Nikashona pindo lote kwa mkono, na kila sindano ilipozama nilisema moyoni: nyamaza. Nyamaza. Nyamaza. Nilipofika mwisho nikaukata kwa meno.

Ijumaa ya wiki ile, alasiri, ukumbi wa hoteli ulijaa. Vinanda vya nyuzi vilikuwa vinapiga taratibu, na Hilwa aliingia katika melimeli ile akiwa kama amebebwa na upepo. Watu waligeuka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja. Nilikuwa nasubiri kwa hamu.

Madam akaja, akalizunguka gauni, akapiga makofi kuomba kimya. Akamwambia Hilwa aeleze amelishona vipi.

Hilwa alinitafuta kwa macho. Alipita katikati ya watu, akanishika mkono, akanivuta mpaka mbele ya wote. Akaninong'oneza haraka, "Nimekukosea siku ile, Mercy. Niliona haya kusema sijui hata kushika sindano. Leo n'tasema."

Akawageukia. Akaunyanyua mkono wangu juu. Akafungua kinywa.

Tss...

Nilisikia mimi peke yangu. Sauti ya sindano inapita kwenye kitambaa.

Tss... tss...

Midomo ya Hilwa ilijikunja kuelekea ndani. Taratibu, kuanzia pembeni kwenda katikati, mfano wa mdomo wa mfuko unaovutwa kamba. Shingo ikamtoka mishipa. Macho yakawa makubwa. Hakuna hata mguno uliotoka.

Watu walidhani amezidiwa na furaha, wakapiga makofi.

Yeye aliendelea kuninyanyulia mkono.

Madaktari walimwangalia koo, wakampiga picha, wakasema hawaoni kitu. Midomo ilikuwa imelegea, alikula na kunywa kama kawaida. Ila sauti hakuna. Nilimsindikiza kila mahali. Nilimbebea mkoba. Nilikaa naye kwao, mtaa wa Al Baraha, nikimpikia uji mama yake, Bi Zuwena, bibi mzee asiyeona kwa sababu ya mtoto wa jicho, ambaye alikuwa akiita kutoka chumbani, "Hilwa! Mbona hunisemeshi, mwanangu? N'mekukosea nini?" Na Hilwa, aliyekuwa amenikataza kwa ishara nisimwambie mama yake, alikwenda kumshika mkono, akalia bila kutoa sauti. Kisha akanikumbatia mimi. Akanishukuru kwa mikono miwili kifuani.



Mwishowe nilimwambia nalichukua gauni nikalifue. Nilikwenda nalo dukani, nikangoja Hafiz atoke kwenda magharibi, nikaliweka mezani na kushika ncha ya ule uzi.

Ulifumuka kirahisi. Mshono wa kwanza, wa pili, mpaka pindo zima likaachia. Nikadhani yameisha.

Lakini uzi uliendelea kuja.

Nilivuta, ukaja. Nikavuta, ukaja. Ukajaa mapajani, ukamwagika sakafuni. Pindo lilikuwa wazi kabisa, kitambaa kimetulia, na bado uzi ulikuwa unatoka katika melimeli ile kutoka mahali ambapo sikuona tundu. Harufu ya udongo ikapanda puani.

Nikachukua mkasi. Mkasi ukateleza.

Nikavuta kwa nguvu zote.

Upande wa pili... kukavutwa.

Niliinuliwa kutoka kwenye kiti. Uzi ulinikata kiganja, na kupitia kwenye ule uzi, katika mifupa ya mkono wangu, nilisikia watu wakisema. Wengi. Wanawake, watoto, mzee mmoja anayehesabu. Wote kwa pamoja, mbali, chini.

Nikapiga kelele. "Yesu! Yesu wangu!"

Uzi ukalegea. Nikaanguka. Duka likawa kimya.

Na mimi nikaganda pale sakafuni, kwa sababu kelele ile ilitoka kinywani mwangu, lakini haikuwa yangu. Ilikuwa sauti nyembamba, ya madaha, ya mtu aliyelelewa na Kiunguja.

Nikajaribu tena, taratibu.

"Ni mimi," nikasema.

Ilikuwa sauti ya Hilwa.

Hafiz aliingia akiwa bado anaweka kofia yake sawa. Alinisikia nikisema nyuma ya meza, akatabasamu. "Madam Hilwa! Mashallah, umepona?" Akachungulia. Akaniona mimi tu, na lile gauni. Akatazama kila kona ya duka, halafu akanitazama tena, na tabasamu likamtoka.

 Nilikimbia.

Nilipata teksi, nikamwonyesha dereva ramani kwenye simu nisije nikasema. Njia nzima nilikuwa najipanga. Nitamwambia kila kitu. Atanipiga, atanifukuza, atawaita polisi, potelea mbali. Hilwa alifungua mlango. Aliona mkono wangu unavuja damu, akaukamata kwa huruma, akitaka kunifunga kitambaa.

"Ni mimi niliyekufanyia," nikamwambia. "Nilipewa uzi. Nilijua ni kitu kibaya, nikaushona."

Aliniachia mkono.

Sijui kama nitaweza kulieleza lile jicho. Mtu anasikia sauti yake mwenyewe inatoka kwa mwingine, na neno la kwanza inalomwambia ni hilo. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Akaweka vidole kooni mwake. Kisha akaja, akanizaba kofi, na la pili, na mimi sikujikinga.

"Hilwa?"

Tukaganda wote wawili.

"Hilwa! N'sauti yako hiyo? Imerudi?" Bi Zuwena alikuwa anahangaika kitandani, vikombe vinaanguka. "Njoo! Njoo, mama, n'sikie!"

Hilwa alinitazama muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini uso haukutikisika. Halafu akanikamata kifundo cha mkono, akanivuta mpaka chumbani. Akaketi kitandani, akautia mkono wa mama yake katika mkono wake. Akanigeukia. Akaonyesha kinywa changu.

Nilitikisa kichwa. Akaonyesha tena.

"Nimepona, mama," nikasema.

Bi Zuwena alipapasa uso wa binti yake, akambusu viganja, akalia. "Alhamdulillahi! Sema tena. Nite tena."

"Mama."

"Tena, mwanangu."

"Mama... niko hapa."

Hilwa alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake na kufumba macho. Mimi nikasimama kando ya kitanda, nikiendelea kusema, mpaka bibi yule akalala akiwa anatabasamu.

Hapo ndipo Hilwa alinionyesha mlango. Na kwa vidole akaniambia: kesho. Njoo kesho.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo lao. Giza lilikuwa limeshaingia na watoto walikuwa bado wanacheza mpira kwenye maegesho, chini ya taa. Nilikuwa nawaza kitu kimoja. Sauti ya Hilwa ninayo mimi. Na yangu? Nikaukumbuka ule mnong'ono wa mwanamke wa shela: changu nitajichukulia.

Nikampigia mama, nyumbani Kisii.

"Haloo?"

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mercyline."

 Akacheka, kile kicheko chake cha kutoamini. "Dada, umekosea namba. Mercyline wangu nimetoka kuongea naye sasa hivi. Ameshuka stendi, amesema tumchemshie chai."

"Mama, sikiliza! Usi..."

Akakata.

Damu ya kiganja ikapaka kioo cha simu. Nikamwandikia mdogo wangu, Naftali: *Msifungue mlango. Mimi niko Dubai. Huyo si mimi. Tafadhali, Nafu, msifungue.*

Jibu lilikuja papo hapo.

*Wacha jokes sis. Si tunakusikia hapo nje ukibisha hodi. Mum ashaenda kufungua.*

Nikapiga. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Ikapokelewa, lakini hakuna aliyesema na mimi. Simu ilikuwa imeachwa mahali, labda mezani. Nilisikia sufuria ikifunikwa. Nilisikia kiti kikiburutwa. Nilisikia mama anacheka kama msichana.

"Keti, mwanangu," alikuwa anasema. "Mbona umekonda hivi?"

Na sauti yangu ikamjibu.